Asumini Chini ya Kitanda cha Kukhu

Haya mambo yalitokea. Nakuambia mapema ili usifike katikati uanze kuniuliza kama niliota. Sikuwa nimelala, sikuwa na homa, na kitu pekee nilichokuwa nimekunywa ni chai ya maziwa. Wanaonijua kule Tuwan, mtaa wetu wa Kitale, watakuambia mimi ni mtu wa kucheka. Nacheka hata matangani, naomba msamaha, halafu nacheka tena. Kama ningetaka kutunga, si ningetunga kitu cha kufurahisha? Ningejitungia duka langu katikati ya mji wa Kitale, jina langu limeandikwa juu ya mlango kwa rangi ya dhahabu. Hii sikuitunga. Hii ilinipata.

Na kama unasoma ukiwa na mafuta kichwani, hasa meupe ya kikopo kisicho na jina, tafadhali usiache kusoma njiani.

Nianze na ua lenyewe. Asumini unaijua? Ni kichaka tu, majani ya kijani, maua meupe madogo kama mahindi yaliyopasuka kwenye sufuria. Mchana hakina habari na mtu. Lakini jua likianza kushuka, yale matumba yanafunguka moja moja na harufu inatoka, tamu, nzito, mpaka unahisi mtu amekuja kusimama nyuma yako. Bibi yangu alikuwa na kichaka kimoja mbele ya mlango wake, upande wa Mabanga, karibu na mji wa Bungoma. Tawi alipewa na jirani yake Mwislamu, enzi zile alipokuwa akiishi mjini karibu na msikiti. Alihama na vitu vichache, lakini tawi hakuliacha.

Bibi kwetu tunamwita Kukhu. Kukhu ndiye aliyenilea. Aliniita Redio, kwa sababu tangu nijue kuongea hakuna aliyewahi kunizima. Lakini ulimi wake ulikuwa wa Bungoma haswa, bana, r na l zinabadilishana viti, kwa hiyo haikutoka Redio. Ilitoka Ledio. Hakuna mtu mwingine chini ya jua aliyewahi kuniita hivyo. Lishike hilo.

Shule niliiacha kidato cha pili. Nikaenda Kitale, nikajifunza kusuka, nikapata kiti kwenye saluni moja ndogo Tuwan. Kusuka ni kazi nzuri, sikatai, lakini ndoto yangu ilikuwa mafuta. Mafuta yangu mwenyewe ya nywele, yanayonukia kitu ambacho hakuna mwingine anacho. Kukhu alipoanza kuugua kifua nilirudi nyumbani kumtunza, na wakati huo huo nikasikia kuna mafunzo ya siku moja pale Mabanga kuhusu mimea yenye harufu. Nikaenda na mabuti yangu yenye matope.

Mwalimu alikuwa mama mpole wa sauti ndogo. Alisema harufu ya ua ni kemikali, kemikali za asili ambazo ua linajitengenezea lenyewe, nyingi, zimechanganyika. Asumini ukiichemsha, moto unaiharibu. Kwa hiyo watengeneza manukato wa zamani walitumia mafuta ya mgando. Unapaka mafuta meupe yasiyo na harufu juu ya kioo cha dirisha, unapanga juu yake maua ambayo ndiyo yanataka kufunguka, unafunika. Ua la asumini halifi papo hapo likichumwa. Linaendelea kupumua, na mafuta yanainywa ile pumzi. Kesho yake unatoa yaliyochoka, unapanga mapya, unarudia, mpaka mafuta yashibe.

Akasema pia kwamba ndani ya asumini kuna kemikali inaitwa indoli, na hiyo hiyo ipo ndani ya kitu kinachooza. Ikiwa kidogo, ni utamu. Ikizidi, ni mzoga.

“Kumbe ndiyo maana mzee wangu ananukia vizuri akiwa mbali,” mama mmoja akasema, na darasa zima likaanguka kwa kicheko.

Mwalimu naye alicheka, halafu akatuonya. “Jambo moja msisahau. Mafuta hayachagui. Ukiyaweka jikoni yatakunywa moshi. Ukiyaweka karibu na kitunguu yatakunywa kitunguu. Yaweke mahali ambapo hewa yake unaiamini.”

Mimi nilijua mahali pamoja tu. Chumba cha Kukhu. Kwa sababu ya kile kifua chake tulikuwa tumepiga marufuku kila kitu mle ndani, kuni, mafuta ya taa, hata dawa ya mbu. Hewa ya chumba kile ilikuwa safi kuliko ya kanisa. Na Kukhu mwenyewe alifurahi. “Weka hapa chini ya kitanda,” alisema. “Kama siwezi kwenda kwa maua, maua yaje kwangu.”

Basi kila jioni nikawa nachuma, napanga, nafunika na karatasi nyepesi ambayo kwa kweli haikufunika sana, nasukuma vioo chini ya kitanda. Yeye akiwa juu, asumini ikiwa chini, tunapiga hadithi.

“Ledio, ukitajirika na haya mafuta utaninunulia nini?”

“Gari, Kukhu.”

“Gari la kupeleka wapi kifua hiki? Ninunulie kikombe kikubwa. Hivi vya siku hizi mtu anapuliza mara moja chai imeisha.”

Alikuwa na tabia hiyo, ya kupuliza chai. Pumzi moja ndefu, polepole, macho yamefungwa, kama anaiombea.

Alifariki asubuhi, jua likiwa ndiyo linagusa dirisha. Nilikuwa nimemwegemeza kifuani kwangu. Alivuta hewa, akaitoa ndefu, polepole, vile vile kama anapuliza chai. Hakuvuta nyingine.

Kwetu baada ya mazishi kuna siku ya kunyoa. Watu wa nyumba wananyolewa, na hasa yule aliyekuwa karibu marehemu alipokata roho, kwa sababu watu wetu wanasema pumzi ya mwisho inatua kwenye nywele. Ikiachwa hapo, marehemu hawezi kwenda zake. Senge, yaani shangazi yangu, dada ya baba, ndiye aliyeshika wembe. Binamu zangu wa mjini walikatwa kidogo tu kando ya sikio, lakini mimi alininyoa kipara cha kung'aa. “Wewe ndiye uliyemshika,” alisema. Shuka zilifuliwa. Godoro likaanikwa juani. Pazia zikashushwa, kuta zikapanguswa kwa kitambaa chenye maji.

Na vile vioo vyangu? Wamama waliosafisha chumba walivibeba kwa uangalifu, vizito vile, wakavipeleka stoo visije vikavunjika. Walijua vina kazi ya mtoto. Hakuna aliyefikiria zaidi ya hapo. Ungefikiria wewe? Sisi tunajua habari ya nywele, tangu mababu. Habari ya mafuta hatukuijua.

Niliyakwangua yale mafuta kwenye vioo, nikarudi Kitale na vikopo vitatu. Harufu yake, niamini, ilikuwa kitu cha kumfanya mtu asimame barabarani. Siku hiyo hiyo mama mmoja mfanyabiashara, aliyekuwa akipita kwenda Suam mpakani, alisukwa saluni kwetu, akanusa, akachukua kimoja. Simjui jina. Kimoja nikakiweka. Cha tatu nikampa Shiru.

Shiru tulikuwa tunafanya kazi pamoja na kulala chumba kimoja. Ni Mkikuyu, kwao ni shamba nje ya Kitale, mababu zake walikuja huko kulima na hawakurudi. Ana kelele kama mimi, ndiyo maana tulipatana. Na alikuwa na nywele, jamani. Zake mwenyewe, hazijaguswa na dawa, zinashuka mpaka mabegani. Alikuwa anaolewa na Kim, fundi wa kuchomelea vyuma, harusi ya kanisa, na alikuwa ameshapanga kichwa kabla hata ya kupanga gauni. “Wigi haitakanyaga madhabahuni siku yangu,” alikuwa akisema. “Wakanione na zangu.” Mimi ndiye ningemsuka. Mimi pia ndiye niliyempaka mafuta mara ya kwanza, kiganja changu hapa, utosini. Mwenyewe sikujipaka. Ningepaka nini na kipara?

Mwanzoni vilikuwa vitu vidogo. Alianza kufagia asubuhi, mkono mmoja mgongoni. Nikamwambia, “Niaje, bibi harusi, umeshakuwa mke wa mtu tayari?” Akacheka, akaendelea kufagia. Akaanza kukohoa. Akaanza kukataa kikombe chetu kidogo, anataka chai kwenye jagi. Mimi nikaona ni presha ya harusi.

Halafu ikaja ile jioni.

Wateja walikuwa wameisha, jua linashuka, stima imepotea kama kawaida. Mlango ulikuwa wazi na nje watu wanapita, mama wa mboga anaita wateja, mchana haujaisha kabisa. Mimi nafunga vifaa. Shiru alikuwa amejipaka mafuta akakaa chini sakafuni, si kwenye kiti, chini, miguu ameinyoosha mbele na mikono juu ya mapaja. Nani kijana anakaa hivyo? Nikamwona kupitia kioo. Uso ni wa Shiru. Akaninyooshea shingo kuniangalia, na akaongea Kibukusu.

“Ledio,” akasema. “Mbona umenyoa? Nani amekufa?”

Kitana kilianguka. Shiru hajui Kibukusu. Salamu moja tu nilimfundisha, mulembe, na hata hiyo anaisema kama anatafuna. Sasa sentensi ilitoka laini, na ile sauti ya chini yenye mkwaruzo mwishoni. Na lile jina. Sikuwa nimewahi kumwambia lile jina.

Ningekimbia, si ndiyo? Wewe ungekimbia. Mlango ulikuwa wazi, nimekwambia. Lakini unajua nini kilinishika? Si woga. Ni ile namna aliyouliza. Alikuwa na wasiwasi na mimi. Alikuwa ananionea huruma kwamba nimefiwa.

“Hakuna mtu, Kukhu,” nikasema. “Ni fasheni.”

“Fasheni mbaya,” akasema. “Unafanana na yai. Weka chai.”

Nikaweka chai. Nilimtilia kwenye jagi. Akafunga macho, akapuliza.

Giza lilipoingia, Shiru alipiga miayo akaniuliza kwa Kiswahili mbona nimemwacha alale sakafuni, na mbona nalia.

Sikumwambia. Nilipaswa kumwambia palepale, lakini ningesemaje? Na kesho yake jioni, matumba yanapofunguka huko Mabanga, alikuja tena. Na siku iliyofuata. Mimi niliyemzika mtu wangu, niliyeshika udongo nikaurusha, nikawa narudi nyumbani mbio na ndizi mbivu kwa sababu nilijua anazipenda. Tulipiga hadithi. Aliuliza habari za ng'ombe wake. Aliuliza kama Senge bado ana mdomo. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Niambie ukweli, wewe mwenye mtu wako aliye chini ya udongo, ungefanya nini?

Lakini kila siku alikaa zaidi. Kwanza ni jioni tu, halafu ikawa anaanza alasiri, halafu kuna asubuhi niliamka nikasema, “Shiru, maji yamechemka,” na hakuna aliyeitika. Kim alikuja na mashati ya kuchagua. Kukhu akamwangalia kijana wa watu kutoka juu mpaka chini, akauliza kwa upole, “Wewe ni wa nani?” Kim akadhani ni utani. Akacheka. Akaendelea kucheka peke yake kidogo, halafu akaacha.

Na kile kikohozi. Kilikuwa kimepata mluzi mwishoni. Mluzi ule niliujua. Niliusikia kule Bungoma siku za mwisho, nikiwa nimekaa kando ya kitanda. Ndipo nilipoelewa: Kukhu alikuwa anaelekea kufa tena, njia ile ile, na safari hii kwa kifua cha Shiru.

Nikampigia Senge. Nilimweleza yote bila kupumua. Akaniuliza jambo moja tu.

“Hivyo vioo vilikuwa wapi alipokata roho?”

“Chini ya kitanda, Senge.”

“Na sisi tukaosha hadi kuta,” akasema. “Mnyoe huyo msichana. Nywele zote. Lakini kwanza umwambie mama yangu, huyo Kukhu wako. Mtu asiyejua kwamba amekufa atashikilia.”

“Senge, njoo umwambie wewe.”

“Mimi sikumshika. Ni wewe.”

Niliporudi chumbani Shiru hakuwepo. Mama yake alikuwa amekuja kumchukua, amempeleka shambani. Nikafuata kwa boda, kikopo changu na chake nikiwa nimevifunga ndani ya leso. Nilimkuta Mama Shiru nyuma ya nyumba anaosha vyombo vya harusi, sahani nyingi za kuazima, na aliponiona hakunipa hata mkono.

“Umemlisha nini mtoto wangu?”

“Sijamlisha, Mama. Ni mafuta. Mafuta ya nywele.”

“Mafuta yanafundisha mtu Kibukusu?”

Nikamweleza. Alisikiliza huku anasugua sahani moja hiyo hiyo. Nilipofika kwenye kunyoa, akaiweka chini.

“Ati nini? Harusi ni Jumamosi, nimnyoe kichwa? Watu waseme nimeoza binti mfungwa? Shindwe! Mchungaji alikuwa hapa asubuhi, ameomba, imeisha.”

“Imeisha, Mama?”

Akaichukua tena ile sahani. Baadaye ndiyo aliniambia jinsi yalivyokuwa maombi. Binti yake aliitikia amina zote kwa heshima kabisa, halafu alipoinua kichwa akamuuliza mchungaji kama amekula.

Tukaingia ndani. Alikuwa sebuleni, chini kwenye mkeka, miguu imenyooshwa. Alikuwa amekonda mpaka mifupa ya shingo inaonekana. Mama yake akainama, akamshika shavu, akamwita jina lake, lile la nyumbani la utotoni ambalo sitaliandika hapa kwa sababu si langu. Naye akamtazama kwa tabasamu la mgeni mwenye adabu. Kwa Kiswahili kibovu cha Kukhu akasema, “Mama, shamba rako ni zuri. Una watoto wangapi?”

Nimeona watu wakilia. Sijaona mtu akivunjika vile bila kutoa sauti. Mama Shiru alisimama, akaenda chumbani, akarudi na mkasi na wembe mpya kwenye karatasi yake. Akaviweka mkononi mwangu.

“Mwondoe huyo mtu,” akasema. “Nirudishie wangu.”

Nje jua lilikuwa limefika kwenye mahindi. Nikakaa mkekani mbele yake.

“Kukhu. Siku ile uliniuliza nani amekufa.”

“Nikakuuliza. Ukaniambia fasheni.”

“Nilidanganya.”

Akangoja. Alikuwa hodari wa kungoja.

“Ni wewe, Kukhu.”

Sikujua uso wa mtu utafanyaje ukiambiwa jambo kama hilo. Wake haukufanya kitu. Alitazama mikono yake, ile mikono ya kijana yenye rangi ya kucha iliyobanduka, akaigeuza upande huu na ule, kama anaiona kwa mara ya kwanza.

“Kumbe,” akasema mwishowe. “Nilikuwa nashangaa mbona hakuna anayenisarimia kwa jina langu. Wewe tu.” Akakohoa, ule mluzi. “Na huyu niliyemkalia ni nani?”

“Anaitwa Shiru. Rafiki yangu. Anaolewa Jumamosi.”

“Jumamosi! Na wewe siku zote hizi unaniwekea chai na ndizi, unachekacheka, mtoto wa watu anaisha?”

“Nilikuwa nimekukumbuka, Kukhu.”

Akaninyooshea mkono, akanipapasa kipara, nywele zilikuwa zimeanza kuchomoza kama vumbi. “Mimi pia,” akasema. “Rakini si hivi. Leta wembe, Ledio.”

Akainamisha kichwa mwenyewe.

Nilikata kwanza kwa mkasi. Zile nywele zilikuwa zinaanguka kwenye mkeka kwa mafungu, na harufu ya asumini ikajaa chumba mpaka Mama Shiru akafungua madirisha yote. Halafu wembe. Nilipofika utosini, pale nilipompaka kiganja cha kwanza, harufu iligeuka. Ilikuwa tamu, na ghafla haikuwa. Lilikuwa lile jambo la pili alilosema mwalimu, lile la mzoga. Mama Shiru alijiziba pua na leso. Mimi sikuweza kuziba, mikono ilikuwa na kazi. Nikapitisha wembe mara ya mwisho.

Akatoa pumzi ndefu. Polepole. Kama mtu anayepuliza chai.

Nikamshika kifuani, vile vile, nikangoja. Nilingoja, jamani. Sitasahau kile kimya. Halafu kifua kikavuta hewa tena, kwa nguvu, kama mtu aliyetoka majini, na sauti ya Shiru, ile ya kelele, ikasema, “Mbona kichwa kina baridi? Wewe! Umefanya nini na kichwa changu?”

Mama yake alimrukia akamkumbatia mpaka wote wawili wakaangukia zile nywele. Mimi nilienda nje nikalia kwenye mahindi. Nililia kwa furaha, usinielewe vibaya. Lakini si furaha yote.

Nywele na vile vikopo viwili nilivipeleka Mabanga, na Senge akachimba shimo pembeni mwa kaburi. Hakunigombeza. Alisema tu, “Umemzika mara mbili. Wengi hata mara moja inawashinda.”

Harusi ilifanyika Jumamosi ile ile. Shiru alitembea kanisani na kitambaa cheupe kichwani, na minong'ono ilikuwa mingi kuliko nyimbo. Kim aliulizwa na mjomba wake kama ameona bibi harusi hana nywele. “Nilikuja kuoa mtu,” akasema. “Nywele zitamkuta nyumbani.” Zilimkuta kweli, zimeota nyingi, ila utosini, pale, pamebaki sehemu ya ukubwa wa kiganja changu ambapo hapaoti kitu. Ananisalimia vizuri. Mtoto wake wa kwanza ananiita shangazi. Lakini hajawahi tena kuniruhusu niguse kichwa chake, na mimi sijawahi kuomba.

Kusuka bado nasuka. Mafuta niliacha. Na kuna kitu kingine: kile kichaka cha Kukhu bado kinatoa maua, watu wanapita jioni wanasimama wanasema, haya maua ni matamu namna gani. Mimi nikipita nasikia ile harufu nyingine tu, ya mzoga. Utamu wake ulinitoka siku ile na haujarudi. Hata ningekuwa na lile duka la jina la dhahabu sasa, ningeuza nini?

Nimekwambia vilikuwa vikopo vitatu.

Nimeenda Suam siku za soko, si mara moja. Nimeuliza kwa wauza mahindi, kwa wanaovusha vitu kwenda Uganda na kurudi, kama wanamjua mama fulani mwenye harufu fulani. Wananiangalia kipara changu, maana tangu siku ile mimi hunyoa, na wananionea huruma. Hawamjui. Labda alijipaka mwenyewe. Labda aligawia binti zake. Mafuta hayachagui.

Kwa hiyo nakuambia wewe unayesoma. Mtu akifa nyumbani kwenu, fueni shuka, nyoeni nywele kama ni desturi yenu, lakini chungulieni pia chini ya kitanda. Kikopo cha mafuta kilichoachwa wazi, kimwage. Na kama huko kwenu mpakani kuna mama ambaye jua likishuka anakaa chini na kunyoosha miguu, anapuliza chai ndefu na kuongea lugha isiyo yake, na anauliza mbona Ledio haji, usimdanganye kama nilivyomdanganya mimi. Mpe chai, kwenye kikombe kikubwa. Mwambie ukweli taratibu. Kisha mnyoe.

Ila usinitafute kuniita. Nakuomba. Kwa sababu nitakuja, na nikifika nitakuambia tungoje kidogo.